Nyanya Iliyopotea, Sukuma Na Pilipili Za Angani: Rada Yote Kuhusu Wanaanga Wanaolima

Kuna jamaa alisingiziwa na mabeste wake miezi kibao ju ya nyanya moja. Si gunia, si kreti. Nyanya moja, tena kadogo, upana wake kama sentimita mbili na nusu.

Jamaa anaitwa Frank Rubio, mwanaanga wa NASA. Alikuwa kwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kile kinazunguka dunia kama kilomita 400 juu ya kichwa chako. Alivuna nyanya kwa majaribio ya ukulima, akaweka moja kwa kamfuko ka plastiki, akaigandisha mahali ili isiende. Kurudi, hakuna kitu. Si unajua huko ukiachilia kitu hakianguki, kinaelea tu mpaka kijifiche nyuma ya mashine. Rubio alisema alitumia kama masaa 18 hadi 20 ya time yake mwenyewe akiitafuta. Wenzake wakasema wazi: buda, wewe umeikula.

Alirudi duniani Septemba 2023 kesi bado iko wazi. Desemba mwaka huo ndio mwenzake Jasmin Moghbeli akatangaza kutoka huko juu kwamba nyanya imepatikana, imekauka na kubonyea. Rubio hana makosa.

Watu walicheka na hiyo story, na ni haki yao. Lakini hebu fikiria msee mzima, aliyesomea udaktari na kuendesha helikopta za jeshi, akitafuta nyanya masaa 20. Hiyo inakuonyesha thamani ya kitu fresh kwa mtu anayekula chakula cha pakiti kila siku. Halafu kuna hii: Rubio alienda akijua atakaa miezi 6. Chombo kilichompeleka kikavuja kule juu, na akajikuta amekaa siku 371. Safari za huko hazifuati kalenda yako.

Chakula kiko, vitamini ndio zinatoroka

Kwanza tuelewane, hakuna mwanaanga analala njaa. Dishi liko kibao, tu ni la kukaushwa ama la kupikwa likafungwa kwa pakiti. Unaongeza maji, unapasha moto, unakula. Mkate hawaupendi ju makombo yanaelea hadi kwa macho na kwa mashine, so tangu 1985 wamekuwa wakitumia tortilla, ile chapati ya Mexico. Mwanaanga wa Mexico, Rodolfo Neri Vela, ndiye alizibeba, na wenzake wakaona hiyo ndio form.

Shida ni kwamba pakiti inaweza kukaa miaka na chakula kisioze, lakini vitamini ndani yake zinapungua pole pole. Vitamini C na B1 ndizo zinasumbua zaidi. Kwa kituo cha sasa hiyo si ngori kubwa, kwa sababu meli za mizigo hufika kila baada ya miezi kadhaa na matunda, vitunguu na vitu vingine fresh. Ukienda Mars, hakuna meli ya mizigo. Kwenda peke yake ni miezi 6 hadi 9, halafu unangoja sayari zijipange vizuri ndio urudi. Jumla ni kama miaka 3. NASA inataka chakula cha safari hiyo kiweze kukaa miaka 5, ju kingine kinaweza kutumwa mapema kabla ya watu.

Mwili ukikosa vitamini C muda mrefu unapata kiseyeye. Fizi zinafura na kutoa damu, vidonda vya zamani vinafunguka, mwisho unakufa. Na ugonjwa huu pwani yetu inaujua vizuri. Ukishawahi kupiga selfie kwa ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, sikia story ambayo haiko kwa selfie yako.

Aprili 1498 meli za da Gama zilifika Mombasa na wagonjwa ndani. Mfalme wa Mombasa akawatumia kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na yule mtu aliyekuwa akiandika habari za safari akasema wagonjwa wao walipona hapo, akadhani ni hali ya hewa. Kumbe. Wakati wa kurudi kutoka India, bahari iliwaweka karibu miezi 3 bila kugusa nchi kavu. Watu kama 30 walikufa njiani. Kila meli ilibaki na mabaharia 7 au 8 tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, kitu cha kwanza walichotuma mtu akatafute ni machungwa, ju wagonjwa walikuwa wanayalilia. Wengine walikuwa wamechelewa. Baada ya hapo meli moja, São Rafael, ikachomwa moto kwa sababu hakukuwa na watu wa kutosha kuiendesha.

Sasa chukua hiyo miezi 3, ifanye miaka 3, na uondoe Malindi.

Utauliza, si wameze tu tembe za vitamini? Watabeba, sure. Lakini tembe nazo hupoteza nguvu zikikaa sana, na kuna kitu kingine: watu huchoka na chakula. Ukila ladha zile zile mwezi baada ya mwezi, unaanza kuacha nusu kwa pakiti, na wanaanga wengi hurudi wamepungua kilo. Tena huko juu damu na maji ya mwili hupanda kichwani, pua inaziba kama una homa, na kila kitu kinaonja kama karatasi. Ndio maana wengi wao wanapenda pilipili na sosi kali vibaya sana.

Na usisahau uzito. NASA hupiga hesabu ya karibu kilo 1.8 za chakula na pakiti zake kwa mtu mmoja kwa siku. Watu 4 kwa miaka 3, hiyo ni karibu tani 8 za dishi peke yake. Mbegu hazina uzito wowote wa kuongelea.

Mmea haujui juu ni wapi

Hapa ndio mambo inakuwa tamu. Ukipanda sukuma kwa gunia pale nje ya keja, kuna kazi nyingi graviti inakufanyia bila kukuambia asante. Maji yanashuka, hewa inaingia kwa nafasi yanayoacha, mizizi inakunywa na kupumua. Ndani ya mizizi kuna chembe za wanga zinazolala upande wa chini, na hivyo mmea unajua wapi ni chini.

Huko juu hizo chembe hazijui zilale wapi. Shina linafuata taa, hiyo ni sawa, lakini mizizi inaweza kuenda vile inataka. Maji ndio ngori kubwa. Hayashuki, yanajikusanya na kushikilia kitu chochote yakikigusa, kama jeli. Ukimwaga mengi yanafunika mizizi na mmea unakufa kwa kukosa hewa, yaani unazama bila bwawa. Ukiweka kidogo, unakauka. Katikati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba sana.

Hewa nayo imelala. Huku chini hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, so kila kitu kinazunguka. Angani hakuna kupanda wala kushuka, na jani linaweza kukaa ndani ya unyevu wake lenyewe mpaka liote ukungu. Lazima feni iwake.

Jibu la NASA lilikuwa kifaa kinaitwa Veggie, kilichofika kituoni 2014. Kikikunjwa ni kama kasanduku ka kubeba ndani ya ndege. Ndani unaweka vimito 6. Kila kimto kina udongo wa mfinyanzi uliochomwa na kuvunjwa vipande, pamoja na mbolea inayotoka pole pole. Mbegu zinagandishwa kwa utambi kwa kutumia gundi ya mmea, zikiwa zimeelekezwa vizuri ili mzizi utokee upande wa udongo na jani upande wa taa. Maji mwanaanga anaingiza mwenyewe kwa sindano. Taa ni za LED, nyekundu na bluu ndizo mmea unapenda zaidi, ndio maana picha zote za hilo shamba zinakaa ni kama klabu ya Westlands saa saba usiku. Wameongeza kijani kidogo ili mtu aone mboga ikiwa na rangi ya mboga.

Na maji yenyewe? Maji ya kunywa ya kituo hutoka kwa mtambo unaosafisha unyevu wa hewa, jasho na mkojo. Mwaka 2023 NASA ilisema mtambo umefika kiwango cha kurudisha asilimia 98 ya maji. So letusi ya angani inanyweshwa kitu ambacho jana kilikuwa chai ya mtu. Usikunje uso, yanakuwa masafi kuliko ya mfereji wako.

Walianza lini, na wamekula nini

Warusi walikuwa mbele, hiyo lazima isemwe. Kituo chao cha Salyut 1, mwaka 1971, kilikuwa na kabustani kanaitwa Oazis. Mwaka 1982 kwa Salyut 7, mmea mdogo wa familia ya haradali ulitoa maua na mbegu angani. Kuna watu bado wanapost kwamba ua la kwanza angani lilitoka 2016. Ukiwaona, waambie waongeze miaka 34 nyuma.

Kwa Wamarekani, tarehe yao kubwa ni Agosti 10, 2015. Scott Kelly, Kjell Lindgren na Mjapani Kimiya Yui walikata letusi nyekundu kutoka kwa Veggie, wakaifuta na vitambaa vya asidi ya limau ju hakuna kuosha mboga kwa sinki huko, wakaila. Kwanza kavu, halafu na mafuta ya zeituni na siki. Walikula nusu tu. Nusu ingine iliwekwa kwa friza irudi duniani ikapimwe. Letusi ya mwaka mmoja kabla ya hapo haikuguswa hata jani, yote ilishushwa maabara kwanza. Matokeo ya vipimo yalichapishwa 2020: virutubisho viko karibu sawa na vya letusi ya hapa, na bakteria hatari hazikuonekana.

Usidhani hapo ndio mwisho wa maswali ya usalama. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware walizungusha letusi kwa mashine ili isijue upande wa chini, wakaiwekea bakteria ya Salmonella. Kwa kawaida jani hufunga vile vitundu vyake vya kupumua likihisi adui. Hili lilivifungua. Ukiumwa tumbo Mars, hakuna mtu wa kupigia.

Baada ya letusi list ikakua. 2018 walipanda kale aina ya Red Russian, ambayo ni binamu wa sukuma wako wa kila siku. Ugali bado haujafika. Novemba 2020 Kate Rubins alivuna figili 20, zilizokua kwa siku 27 ndani ya kifaa kikubwa zaidi kinaitwa Advanced Plant Habitat, chenye kamera na vipimio zaidi ya 180, kinachojinyweshea maji chenyewe.

Halafu pilipili. Mbegu 48 za pilipili ya New Mexico zilifika 2021, zikawashwa Julai. Pilipili inachukua muda, inahitaji kutoa ua, na ua linahitaji nyuki ambaye hayuko. Feni zilitumika kutikisa maua ili chavua isambae, na wanaanga wakasaidia na mikono. Pia mimea hutoa ile gesi ambayo ndizi hutoa ukizifungia kwa gunia ziive haraka, na kwa sanduku lililofungwa lazima isafishwe, la sivyo inavuruga maua na matunda. Oktoba 29, 2021 wakavuna. Megan McArthur akatengeneza tako za nyama ya ng'ombe, nyanya za kukaushwa na hizo pilipili, na kusema ndizo bora amewahi kukula angani. Majaribio yaliisha baada ya siku 137, na pilipili 26 kwa jumla.

Pilipili 26 kwa siku 137, kwa kifaa cha mamilioni. Hiyo hesabu ukiipeleka Marikiti utafukuzwa. Lakini hakuna mtu anapanga kushibisha watu na Veggie. Mpango ni chakula cha pakiti kibaki kuwa dishi kuu, na mboga iongezwe juu: kachumbari ya vitamini C, kitu cha kutafuna kikasikika mdomoni. Yeyote anayekuambia wasee wataenda Mars na kuishi kwa viazi vyao, huyo ameona sinema.

Krismasi ya Scott Kelly

Kama utakumbuka kitu kimoja kutoka kwa hii story yote, chukua hiki.

Novemba 2015 waliwasha mbegu za zinia. Hilo ni ua, haliliwi. Walitaka kujifunza mmea unaochukua muda kabla ya kuanza nyanya. Mambo ikaharibika karibu mapema. Maji yakaanza kuvuja kwa tambi na kukaa juu ya majani, majani yakajikunja, unyevu ukapanda. Desemba 22 Kelly akaona ukungu. Huku chini wakamwambia aweke feni juu kabisa, akakata sehemu zilizooza.

Feni ikafanya kazi yake kupita kiasi. Siku mbili baadaye, mkesha wa Krismasi, mimea ilikuwa imenyauka kwa kiu. Kelly akapiga simu chini kuuliza kama anaweza kunyunyiza maji. Ratiba ilisema maji ni tarehe 27.

Hapo ndio Kelly akawaambia ukweli. Kwa maneno yake, kama kweli tunataka kwenda Mars, yule aliye huko ndiye ataamua mmea unataka maji lini. Nyumbani kwake akitoka nje anaangalia shamba, anaona leo limekauka, anamwaga maji. Hangoji karatasi.

Na wale wa chini, kwa sifa yao, hawakubishana. Walimpa kazi yote, wakamtumia mwongozo wa ukurasa mmoja tu: nini cha kuangalia, na nini cha kufanya ukiiona. Mingine ilikufa. Iliyobaki ikapona, na katikati ya Januari 2016 Kelly akapost picha ya ua la rangi ya chungwa, dunia nyuma yake. Siku ya Valentine akapiga picha ya shada zima.

Kwa nini hii ni kubwa kuliko ile letusi? Kutoka Mars, ujumbe unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika duniani, na zingine kama hizo jibu kurudi. Mmea wenyewe hautangoja, lakini usijali dakika, jali ile tabia. Wanaanga wanaishi kwa ratiba ya dakika kwa dakika iliyoandikwa na watu wa ofisini. Mmea haujasoma ratiba. Nyanya yako huku mtaani haikufi ju ulikosa mashine, inakufa ju hukuiangalia siku tatu. NASA ililipa pesa mingi kujua kitu ambacho shosho yako angewaambia bure, na mimi naona ilikuwa pesa nzuri, ju sasa kiko kwa karatasi.

Nje ya kituo

Majaribio mengine yanaendelea mahali baridi sana. Wajerumani waliweka nyumba ya mimea karibu na kituo chao cha Neumayer III huko Antaktika. Ndani ya miezi 9 na nusu ya 2018, kwa nafasi ya mita 12.5 za mraba, walitoa kilo 268 za chakula: letusi kilo 117, matango 67, nyanya 50. Hakuna udongo, mizizi inaning'inia hewani na kunyunyiziwa maji yenye mbolea. Nafasi hiyo ni kama chumba kimoja cha kupanga.

Mwezini hali ni ngumu. Januari 2019 Wachina walipeleka sanduku ndani ya chombo cha Chang'e 4, na mbegu ya pamba ikachipuka, ya kwanza kabisa huko. Usiku wa mwezini, ambao unachukua kama wiki mbili, ukafika na baridi yake. Pamba ikaisha hapo. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Florida kilitangaza kwamba kilipanda mbegu ndani ya udongo halisi wa mwezini uliobebwa na safari za Apollo. Walipewa gramu 12 tu, kama vijiko vichache vya chai. Mbegu ziliota zote vizuri, halafu mimea ikaanza kudumaa na kubadilika rangi. Inaota, lakini inateseka.

Mwaka huo huo, shirika la nguvu za atomiki la UN na lile la chakula, FAO, lilipeleka mbegu za mtama angani. Hawakutaka kulisha mwanaanga. Walitaka mionzi ya huko izibadilishe, kisha zirudishwe na kupandwa ili watafute aina zinazovumilia ukame wa huku chini.

Na nani anachagua mboga gani iende? Kuna programu Miami inaitwa Growing Beyond Earth, ambapo wanafunzi wa shule hupewa masanduku yenye taa kama za Veggie, wanapanda aina tofauti darasani na kutuma namba zao NASA. Moja iliyopita hapo ni kabichi ya Kichina, kale kadogo kanaitwa Extra Dwarf pak choi. 2021 Mike Hopkins alikapanda angani siku 64, akasambaza chavua ya maua yake na brashi ya rangi, halafu majani akayapasha moto na sosi ya soya na kitunguu saumu, akadishi.